Ukuta Uliovaa Nailoni

Watu wakinisikia nikisimulia habari za ukuta wa mama yangu, hawakawii kunitupia ile methali: usipoziba ufa utajenga ukuta. Siipendi hata kidogo. Siku hizi nawajibu kabla hawajamaliza. Sisi ufa tuliuziba, tena kila mwaka, tena kwa saruji, tena kwa fundi wa kutoka mjini, na ukuta tukajenga vilevile. Methali yenu kaeni nayo.

Fundi mwenyewe ni mume wangu. Tunaishi Soweto, hapa Mbeya. Yeye anajenga nyumba za watu, mimi nauza vitunguu sokoni. Mama yangu yuko kijijini, upande wa Mgololo, Iringa, kwenye baridi ile ya mwezi wa saba ambayo hata kuku wanachelewa kutoka bandani. Baba alishatangulia mbele ya haki. Mama anaishi peke yake kwenye nyumba aliyojengewa na baba, na hapo ndipo hadithi yote ilipo.

Kwetu sisi Wahehe, mkwe wa kiume na mama mkwe hawazoeani. Hawapeani mikono, hawali pamoja, wakikutana njiani mwanamume anaingia kwenye majani ampishe mama. Kuhusu chumba anacholala mama mkwe, hata mlango wake hautazami. Mume wangu ni Mnyakyusa, lakini hakuhitaji kufundishwa. Kwao mimi ndiye niliyekuwa nakimbia kujificha nikisikia kikohozi cha baba yake. Kwa hiyo alikubali bila ubishi, na maneno yote kati yake na mama yakawa yanapita kwangu. Mama akipiga simu tunaweka sauti ya wote, maana mikono yangu haikosi kazi.

"Mwambie mkwe wangu asante kwa sukari."

Mkwe wake amekaa palepale, kijiko mkononi, anasikia kila neno.

"Mama anasema asante kwa sukari," namwambia.

"Mwambie si kitu."

"Mama, anasema si kitu."

"Nimesikia."

Sasa kama umesikia! Nikicheka, wote wawili wananikasirikia. Nimekuwa daraja miaka yote hiyo, na daraja halilipwi.

Nyumba ile baba aliijenga kwa tofali mbichi, zile za udongo zilizokaushwa juani bila kuchomwa, juu ya mawe yaliyoshikwa kwa tope. Wakati huo alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha karatasi, na mara kwa mara alirudi na vipande vya karatasi za kaki, nzito, ambazo huko zilikuwa za kutupwa. Ukuta wa chumbani kwao ulikuwa unaelekea mlimani, na baridi ilikuwa inatokea hapo. Basi baba alipika uji mzito wa unga kama gundi, akabandika zile karatasi ukutani kwa ndani, tabaka juu ya tabaka, kuanzia chini mpaka kwenye bati. Mimi nilikuwa nimeshika bakuli. Nakumbuka alivyokuwa anapiga karatasi kwa kiganja ili zishike, na mama amekaa kitandani anamcheka kwamba amegeuka fundi wa vifurushi. Kweli chumba kilipata joto. Tulikuwa tunagombea kulala upande ule.

Baba alipofariki, mama hakugusa karatasi zile. Miaka ikaenda, chini zikaanza kulainika na kuota weusi. Mama akaogopa zitaharibika zote. Akanunua nailoni nene, ile ya kuanikia mahindi, akaipigilia juu ya karatasi kuanzia sakafuni hadi juu. Kila msumari aliuvika kizibo cha soda ili nailoni isichanike. Kazi safi kabisa, hata fundi asingeionea aibu. Nikienda kumsalimia nalala naye chumba hicho, na mkono ukigusa ukuta unagusa nailoni kavu, laini, inayofanya chwaa.

Upande wa nje nako kulikuwa na habari yake. Tulipooana, mume wangu alitaka kijiji kizima kijue kwamba mama huyu ana mkwe. Akaipiga nyumba yote lipu ya saruji kwa nje, ikawa ya kijivu, nyororo, imenyooka. Pale kitongojini hakuna aliyekuwa nayo. Mama akatembea kifua mbele mwaka mzima. Wanawake wakitoka kanisani walipita makusudi kuiangalia, na yeye alikuwa anawaambia, "Ah, mkwe wangu tu huyo, anapenda kujisumbua."

Mvua zilipoisha, lipu ya ule ukuta wa chumbani ilikuwa imevimba chini. Mume wangu aliigonga kwa mpini wa mwiko wake, ikalia kama debe tupu. Akaibandua, akapiga nyingine. Mwaka uliofuata ikavimba tena, safari hii juu kidogo. Akachimba mfereji nyuma ya nyumba ili maji ya mlimani yapite mbali. Akaongeza saruji kwenye mchanganyiko. Kila mara aliniita pembeni na kuniuliza swali lilelile.

"Ndani kukoje?"

"Pakavu," nilimjibu, maana ndivyo mkono wangu ulivyoniambia.

"Una hakika?"

"Mimi si ndiye ninayelala humo? Pakavu."

Basi anakuna kichwa, anasema kama ndani ni pakavu maji yanatoka nje, na anaongeza saruji nyingine. Kuingia mwenyewe akaone? Afadhali umwambie aingie kwenye tanuri. Na mimi kusimama mbele ya mume wangu nianze kumweleza kilichobandikwa ukutani kwenye chumba cha mama yangu, wala haikunijia akilini. Chumba cha mama ni cha mama.

Kisha ukaja mwaka ambao mlango wa chumba ulikataa kufunga. Ufa ulitoka kwenye kona ya dirisha ukapanda mpaka kwenye bati, na vidole viliingia. Mume wangu aliteremsha timazi, ile kamba yenye kichuma chake, kwa nje ya ukuta. Akaitazama muda mrefu. Nilimjua anavyotazama kazi mbaya za mafundi wengine, lakini siku hiyo alikuwa anatazama ya kwake.

"Kichwa cha ukuta kimeingia ndani," aliniambia polepole, mama asisikie. "Mvua za mwaka huu hauzimalizi. Mwambie mama ahame. Chumba cha Soweto kipo."

Nikaingia kumwambia. Mama alikuwa anachambua maharage, hakuinua hata kichwa.

"Mwambie mkwe wangu nashukuru. Niliingia kwenye nyumba hii natembea, nitatoka nimebebwa. Mwambie aongeze saruji."

"Mama, utabebwa kweli! Ukuta utakuangukia!"

"Basi nitakuwa nimeangukiwa na ukuta wangu. Huko Soweto nitafanya nini? Kuhesabu mageti ya watu?"

Nilitoka nje nikalia, sioni sababu ya kuficha. Kitanda chake kilikuwa chini ya ufa ule ule, mto wake ukiwa umegusa ukuta. Tukarudi Mbeya bila jibu. Kuanzia hapo wingu likitanda upande wa Iringa mimi naacha meza nampigia mama, na simu ikilia asubuhi mapema naikimbilia kabla haijalia mara ya pili.

Jibu nililipata sokoni. Lori lililoniletea vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni liliharibika njiani, na dereva, kwa wema wake, aliyafunika magunia yangu kwa nailoni, akayafunga kila upande yasilowe. Yalipofika niliwaka moto. Jamani, kitunguu hakifungwi hivyo! Kitunguu kinatakiwa gunia la wavu, kipate hewa, la sivyo kinajitolea jasho chenyewe na kuoza. Nikachukua kimoja nimwonyeshe. Kwa nje ganda lilikuwa kavu, zuri, linang'aa. Nikakibonyeza, kidole kikazama kwenye uji.

Dereva alikuwa anaomba msamaha, mimi sikumsikia tena. Nilikuwa nakiangalia kile kitunguu, na nilichokuwa nakiona ni chumba cha mama. Nikamwachia jirani meza nikampigia mama.

"Mama, ile nailoni ya ukutani. Umewahi kuibandua?"

Nikaitazama simu kama imekatika.

"Mama?"

"Umemwambia mkwe?"

"Bado."

"Usimwambie. Chumbani kwangu kunamhusu nini?"

"Mama, mficha maradhi, kifo humuumbua."

Alinikatia simu. Mama yangu mzazi, kanikatia simu katikati ya soko! Nikarudi nyumbani nimevimba kwa hasira, nikamwambia mume wangu yote: karatasi za baba, weusi, nailoni, vizibo. Aliweka kijiko chini.

"Nailoni kwa ndani," alisema. "Na saruji kwa nje, niliyoweka mimi."

Kisha akanieleza kwa maneno ambayo hata muuza vitunguu anaelewa. Ardhi ya kule haikauki. Mawe ya msingi yameshikwa kwa tope, hayana kitu cha kuyakata maji, kwa hiyo unyevu unapanda kwenye tofali kama mafuta kwenye utambi. Zamani ulikuwa unapanda na kutoka, maana udongo unapumua pande zote mbili, jua na upepo vinaunyonya. Karatasi peke yake zilipunguza tu. Sisi tumekuja tukafunga huku na huku. Maji yanapanda, hayana pa kutokea, na tofali mbichi ikinywa maji kwa miaka inarudi kuwa ilichokuwa, udongo. Kila alivyoongeza saruji alikuwa anakaza kifuniko.

"Sasa lazima nione umelainika mpaka wapi, nijue kama ni wa kukarabati au wa kuvunja," alisema. "Lazima niushike kwa mkono wangu, kwa ndani."

Tukatazamana. Yeye ndiye aliyeyaondoa macho kwanza.

Tulikwenda wiki hiyohiyo. Mume wangu alikaa nje chini ya mparachichi, mgongo kwa nyumba, kofia magotini, na mimi nikaingia kwa mama. Alikuwa amekaa kitandani, amejua tumefuata nini.

"Yale ni mabandiko ya baba yako," alisema kabla sijafungua mdomo.

"Najua, mama."

"Hujui. Baridi ikizidi naweka kiganja pale alipopigapiga. Wewe una mtu wa kulala naye."

Nikakaa karibu naye. Ufa ulikuwa juu ya vichwa vyetu, umechana mpaka karatasi, na mwanga wa nje ulikuwa unapenya kwenye nailoni.

"Mama," nilimwambia, "baba alibandika ili usisikie baridi. Hakubandika ili ukuta ukuangukie."

Aliinua macho akautazama ufa. Halafu akasema, "Toka."

Nikatoka, nimekasirika, nikamwambia mume wangu tuondoke, mama kashindikana. Hatujanyanyuka tukasikia kitu kinaburuzwa ndani, kinagonga fremu, na sauti ya mama: "Mbona unasimama huko? Njoo unishikie!"

Alikuwa anatoa kitanda. Tulikibeba wawili mpaka kwenye jiko la nje. Tukarudi tukabeba godoro, sanduku, nguo za kwenye kamba, beseni, msalaba wa ukutani, na viatu vya baba ambavyo sikujua bado anavyo. Alipomaliza akafagia sakafu mpaka mlangoni. Kisha akasimama kizingitini, akaniambia mimi kwa sauti ya kufika mbali:

"Mwambie mkwe wangu mimi nalala jikoni. Hiki sasa ni chumba tu, hakina mwenyewe."

Mume wangu alivua viatu. Nilimwona anavuta pumzi kabla ya kuvuka kizingiti, mwanamume mzima anayepanda ghorofa bila kamba. Akang'oa vizibo kimoja kimoja, akavitia mfukoni, kama vile mwenyewe atavidai. Nailoni ilipoachia chini, harufu ilitupiga sote. Karatasi za chini zilikuwa tope jeusi, na ukuta nyuma yake unatoka jasho. Akasukuma kidole gumba kwenye tofali, kikaingia chote.

Alikwenda kwa majirani akarudi na mirunda, akaegemeza bati na boriti zake kwa ndani, akahakikisha kwa kutikisa. Ndipo akapiga magoti, akaanza kutoa tofali za chini kidogo kidogo, apate pa kuanzia. Mimi nilikuwa napokea udongo kwa karai. Mama alikuwa mlangoni, ncha ya kanga mdomoni.

Mama ameishi na ukuta ule kuliko alivyoishi na mtu yeyote. Sisi tulikuwa tunatazama chini, yeye alikuwa anatazama juu, na aliona vumbi likianza kuteremka kwenye kona ya dirisha, jembamba, halikatiki.

"Baba!" alipiga kelele. "Toka! Toka nje, mwanangu!"

Hakuniambia nimwambie.

Mume wangu aliruka, na mimi nikakimbilia nje na karai langu. Ukuta haukufanya kishindo nilichokitegemea. Ulijikalisha tu, halafu sehemu yote ya juu ikalala ndani ya chumba. Vumbi lilipotulia, mirunda ilikuwa imeshika bati vizuri, na lile fungu la udongo lilikuwa limelala sawasawa mahali palipokuwa na mto wa mama. Kama kitanda kingekuwepo, na yeye juu yake, sijui ningekuwa nasimulia nini leo. Nilikaa chini uani.

Walikuwa wamesimama wote wawili nje ya mlango, weupe kwa vumbi. Mkono wa mama ulikuwa umeshika mkono wa shati la mume wangu, umeukunja kabisa. Wote waliutazama ule mkono.

"Mwambie mkwe..." mama alianza, akanitafuta kwa macho. Hakuniona, nilikuwa nimekaa chini nyuma yao. Akamgeukia. "Umeumia?"

"Hapana, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama."

Ndipo akauachia mkono.

Ukuta tuliujenga upya kabla ya mvua. Safari hii mawe ya msingi yalishikwa kwa saruji, na juu yake, upana wote wa ukuta, mume wangu akatandika lile karatasi jeusi gumu la kukata maji ambalo mafundi wanaliita di-pi-si. "Nailoni mahali pake ni hapa," aliniambia, "ilale chini ya ukuta, isiuvae." Juu yake tofali za kuchoma, na kwa nje na ndani lipu ya udongo uliochanganywa na chokaa, hakuna saruji. Kuta nyingine nazo alizibandua ile saruji yake ya kujivunia, zikarudi kuwa nyekundu kama za majirani. Nilidhani mama atanung'unika. Alisema tu kwamba kijivu kile kilikuwa kinamwumiza macho siku zote. Mwongo mkubwa!

Alichoogopa ni baridi. Mume wangu akasema ukuta uliolowa ndio unaokula joto la mtu, mkavu unalitunza, lakini mama hakuonekana kuamini. Basi mkwe wake akanunua mbao za paini, akazipanga upande wa kitanda, mbali kidogo na ukuta ili hewa ipite nyuma yake. Karatasi za juu kabisa, karibu na bati, unyevu haukuwa umezifikia. Sikujua kwamba alikuwa amezichomoa kwenye kifusi na kuzianika. Alizipigilia kwenye mbao zile, mahali mkono wa mtu aliyelala unapofika, kwa vile vizibo vya soda. Hakuna aliyemtuma. Mama alipoingia akaziona, alisimama amezipa uso muda mrefu, mgongo kwetu, na sisi tukatoka.

Mvua zilikuja, na zilikuja kwa nguvu. Asubuhi moja tunakunywa chai, bati la Soweto linaunguruma, simu ikalia. Nikaikimbilia kwa mazoea.

"Kamwene, mama," nikamsalimia Kihehe.

"Kamwene. Mpe mkwe wangu."

"Niambie, nitamwambia."

"Nimesema mpe."

Nikampa. Alifuta mkono kwenye suruali, akasimama wima kabla ya kuiweka sikioni, kana kwamba mama anamwona. Sauti ya wote hakuiweka. Nilisikia upande wake tu: ndiyo, mama. Chini je, karibu na sakafu? Weka kiganja kabisa, mama, usiguse kwa vidole. Eeh. Na kwenye kona? Asante, mama. Asante sana.

Akakata, akakaa, akaikoroga chai ambayo ilikuwa haina cha kukorogwa tena.

"Anasemaje?" nikamuuliza.

"Pakavu."

Nikangoja. Nilidhani kuna salamu zangu, au kuna la kumrudishia mama. Hakuna aliyenituma kitu kwa mtu. Nikavaa koti langu la mvua nikaenda kwenye vitunguu vyangu.